Kipaji cha Jenifa Mazengo

Tuseme ukweli tangu mwanzo: Mwalimu Anyitike hakujua kuchora. Si kwamba alichora vibaya kidogo, la, alikuwa hajui kabisa. Alifundisha jiografia katika shule moja ya sekondari nje kidogo ya mji wa Dodoma, na kwa miaka mitatu mfululizo ramani yake ya Afrika ubaoni haikuwahi kufanana mara mbili. Siku nyingine pembe ya Somalia ilivimba, siku nyingine haikuwepo, na Madagaska ilikaa popote ilipopata nafasi. Wanafunzi walimpenda, kwa hiyo walicheka huku wameinamisha vichwa kwenye madaftari.

Alikuwa mwanamke wa Tukuyu, mwenye sauti ya kusikika vyumba vitatu, mwepesi wa kukasirika na mwepesi zaidi wa kusamehe. Alipopangiwa Dodoma mwaka 1989 alilia siku mbili nzima. Kwao kumejaa migomba mwaka mzima, na huku alikuta upepo, miiba, na vumbi linaloingia mpaka kwenye kabati lililofungwa. Aliapa kukaa mwaka mmoja tu. Barua ya kuomba uhamisho aliiandika kweli, lakini kila alipotaka kuipeleka ofisini kulikuwa na mitihani ya kusahihisha, au mwanafunzi ana homa, au mvua ndiyo kwanza zimeanza na yeye amepanda mahindi. Mwisho akapata nyumba ya vyumba viwili mtaa wa Nkuhungu, akaotesha mpapai uani, na habari ya uhamisho ikafa yenyewe.

Sasa, mwaka 1992, asubuhi moja akifundisha kidato cha tatu, alichoka kuchekwa. Akaweka chaki mezani akasema, "Haya, mabingwa wa kucheka. Anayeweza kuchora Afrika kuliko mimi aje hapa."

Wakasukumana kidogo, kisha kutoka kiti cha nyuma akainuka msichana mrefu mwembamba asiyesema sana, Jenifa Mazengo, mtoto wa kijiji kilicho mbele ya Haneti. Alisimama mbele ya ubao akiwa mikono nyuma, akautazama. Akautazama mpaka wenzake wakaanza kuguna, na Mwalimu Anyitike akataka kumwambia arudi akakae. Ndipo akashika chaki, akaanzia juu kule Tunisia, akashuka na pwani yote ya magharibi, akazunguka Rasi kule kusini, akapanda mashariki mpaka Bahari ya Shamu, na chaki haikuinuka. Akarudi palepale alipoanzia. Hakufuta kitu. Kisha akaweka Madagaska mahali pake.

Mwalimu akachukua ramani ya kitabuni, akaiinua, akalinganisha. Akauliza, "Nani amekufundisha?"

"Hakuna, mwalimu."

"Na mbona hukufuta hata mara moja?"

Jenifa akatazama chini. "Nyumbani mama anachora vibuyu kwa chuma cha moto. Ukishaunguza umeunguza, hakuna kufuta. Anasema utazame kwanza mpaka umalize kutazama, ndiyo uguse."

Kipindi kilipokwisha Mwalimu aliomba daftari la yule msichana. Mbele kulikuwa na jiografia, ya kawaida tu, wala si ya kujivunia. Akaligeuza nyuma. Kule nyuma alikuwepo mpishi wa shule akikoroga sufuria, na ungejua kabisa kwamba mgongo unamuuma. Alikuwepo mlinzi amelala amekaa. Alikuwepo Mwalimu Anyitike mwenyewe, kinywa wazi, kidole hewani, na hata kama picha ile ilimsema vibaya, ilikuwa yeye mtupu. Alicheka peke yake ofisini mpaka machozi yakamtoka, kisha akagundua kwamba machozi hayakuwa ya kicheko peke yake. Maishani mwake hakuwahi kukutana na mtu anayeona watu namna ile, na mtu huyo alikuwa na miaka kumi na saba na alikaa kiti cha nyuma.

Lakini amsaidieje? Hapo ndipo kazi ilipoanza. Shule haikuwa na somo la Sanaa wala mwalimu wake. Wenzake ofisini walimtania. Mwalimu wa fizikia aliuliza kama huyo binti atakula picha. Mwingine akasema, "Anyitike, wewe wa kufundisha kuchora? Si bora tumpe kazi hiyo yule mbuzi wa shule?" Akacheka nao, maana walikuwa wamesema kweli, halafu akaandika barua wizarani, Dar es Salaam, kuomba muhtasari wa somo la Sanaa. Bahasha ilikuja baada ya miezi miwili. Aliusoma ule muhtasari mara tatu, na mara zote tatu hakuelewa nusu yake.

Akaamua kufanya anachokiweza. Kila Jumatano baada ya masomo alimkalisha Jenifa darasani, akaleta kitu: jiko la mkaa, kiatu cha mtumba kilichopinda kisigino, gunzi la hindi. Alimwachia akitazame kwa dakika tano, kisha anakifunika kwa kanga, na Jenifa anachora kilichobaki kichwani. Halafu Mwalimu anauliza maswali ya mtu asiyejua. Kwa nini hapa peusi? Kwa nini kiatu umekiweka pembeni, katikati pamebaki wazi? Mbona nikitazama hili jiko nahisi limepoa? Jenifa alilazimika kutafuta jibu, na alipokuwa akilitafuta aliona kilichokosekana, akachukua karatasi nyingine. Siku moja Mwalimu alimwambia tu, "Nzuri sana," na yule msichana akamjibu kwa adabu zote, "Samahani mwalimu, lakini ukiniambia nzuri nakwama. Niulize." Tangu siku hiyo hakumsifu tena mbele yake. Alimsifu nyumbani kwake, peke yake, akimwagilia mpapai.

Kilichobaki ni rangi, na hapo miaka ile ilimsaidia. Ilikuwa enzi ya ruksa, biashara zimefunguliwa kwa kila mtu. Kila mwenye chumba kinachotazama barabara alikifungua dirisha akauza kitu, na kila aliyeuza kitu alitaka ubao wenye maandishi na picha: ng'ombe kwa mwenye bucha, mwanamke mwenye nywele ndefu kwa saluni, soda yenye barafu hata kwa mtu asiye na friji. Nkuhungu mbao hizo nyingi zilitoka mkono mmoja, mkono wa Masudi. Huyu alikuwa jirani wa Mwalimu, mtu wa Kondoa, mwembamba, kofia haitoki kichwani, na suruali yake ilikuwa na rangi za biashara zote za mtaa.

Likizo ya Aprili mwaka 1993, Jenifa akiwa sasa kidato cha nne, Mwalimu alimchukua akae kwake, akampeleka kwa Masudi.

"Nakuomba umfundishe, kaka Masudi. Mimi nimefika mwisho."

Masudi akampa Jenifa brashi na kipande cha bati, akamwambia achore kuku. Alipomaliza, Masudi alivua kofia, jambo ambalo majirani walikuwa hawajaliona. Akasema, "Mwalimu, mkono huu mimi siwezi kuufundisha. Rangi nitamfundisha, namna ya kuchanganya, namna ya kusubiri moja ikauke ndiyo uweke nyingine. Hayo mengine anayo." Wiki tatu zile Jenifa alijifunza kwamba nyeupe haiko peke yake, na kwamba ukitaka kivuli cha ukuta wa udongo usikimbilie nyeusi. Masudi hakutaka shukrani. Alisema tu kwamba kwa muda wote huo bucha za Nkuhungu zimepata ng'ombe wenye macho.

Haya, sasa shika hapa, maana hapa ndipo nusura kila kitu kiharibike.

Shule zilipofunguliwa Mei, zilikuja fomu za kuandikisha masomo ya mtihani wa mwisho. Ili Jenifa afanye Sanaa ilimbidi aache fizikia. Mkuu wa shule, Mwalimu Mustapha, alikuwa mtu wa haki lakini mwoga wa wazazi. Akasema, "Sitaki baba mtu aje hapa kuniuliza kwa nini binti yake ameacha fizikia akachukua picha. Niletee fomu hii ina sahihi ya mzazi. Zinaondoka Jumatano ijayo saa nne asubuhi, na baada ya hapo mimi sina la kufanya."

Mwalimu Anyitike aliona ni jambo dogo. Akakaa akaandika barua kwa mzazi, kwa Kiswahili safi kilichonyooka, cha ofisini, akajipongeza:

"Ndugu Mazengo. Napenda kukujulisha kwamba binti yako Jenifa ana kipaji kikubwa, si cha kawaida. Kisiposhughulikiwa mapema kitaharibika. Hapa shuleni hatuna mtaalamu wa kipaji cha namna hii. Tunaomba ufike haraka ili tupate ridhaa yako."

Akampa barua dereva wa lori la mfanyabiashara wa alizeti aliyekuwa akienda huko, kisha akashika shughuli zake.

Yaliyotokea upande wa pili aliyajua baadaye. Mazengo hakuwahi kujifunza kusoma. Wakati ule wa madarasa ya elimu ya watu wazima, kila mwalimu alipotokea njiani yeye alikumbuka ng'ombe zake. Kwa hiyo barua aliipeleka kwa jirani yake Obedi, mwinjilisti. Obedi alisoma vizuri, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha kanisani, na kanisani kwao mtu aliyejaliwa uwezo na Mungu anaitwa mwenye karama. Kipaji yeye alikijua kimoja tu, hiki kilicho juu ya macho, kile kinachotiwa alama kwenye yale masomo ya kutisha ya siku za mwisho. Akasoma barua kimya, akaisoma tena, akamtafsiria Mazengo kwa Kigogo, taratibu, kama mtu anayetoa habari mbaya: mtoto wako ana paji la uso kubwa lisilo la kawaida, lisipotibiwa mapema litaharibika, na shuleni hawana mganga wake. Uende haraka.

Mazengo hakungoja hata jua lipoe. Ijumaa alikuwa ofisini kwa mwalimu wa zamu, vumbi mpaka kwenye nyusi, akiomba mtoto wake. Mwalimu Anyitike siku hiyo alikuwa mjini kutafuta karatasi ngumu. Mwalimu wa zamu aliandika kwenye daftari la ruhusa neno kwa neno kama alivyoambiwa, akawaachia waende.

Jumatatu Mwalimu Anyitike alikuta kiti cha Jenifa kitupu. Akaenda kufungua daftari la ruhusa, akasoma: "Jenifa Mazengo. Amechukuliwa na baba yake. Sababu: kwenda kutibiwa kipaji."

Damu ikampanda. Kutibiwa kipaji, kana kwamba ni minyoo. Kichwani mwake hadithi yote ilijiandika mara moja: baba mshamba amesikia mtoto anachora, amechukia, amempeleka kwa waganga wamtoe huo uchoraji, na baada ya hapo ataozwa. Alipita ofisini akisema peke yake kwa sauti ile ya vyumba vitatu. Mwalimu Mustapha alimsihi atulie, naye akajibu kwamba atatulia Jumatano saa tano. Jumanne alfajiri alipanda lori lilelile la alizeti, fomu ikiwa ndani ya pochi, na njia nzima alipanga maneno atakayompa huyo Mazengo. Yalikuwa maneno makali, na mengine alikuwa hajawahi kuyatumia.

Lori lilifika karibu na saa saba mchana. Dereva alisema anapakia magunia kwa saa mbili kisha anarudi, asiyekuwepo ataachwa. Mwalimu akafuata njia aliyoonyeshwa mpaka kwenye tembe ndefu yenye paa la udongo, ng'ombe wametoka, kuku wanachakura. Mlangoni, juu ya kigoda, alikaa Jenifa. Kichwa chake kilifungwa kitambaa, na chini ya kitambaa, kwenye paji lote la uso, alikuwa amepakwa majani yaliyosagwa. Maji ya kijani yalimtiririka mpaka puani.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Jenifa, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye afya yake.

Kabla Mwalimu hajajibu alitoka Mazengo. Alikuwa mzee mrefu, masikio yametogwa, macho mekundu ya kukosa usingizi. Mwalimu alikuwa tayari na neno lake la kwanza. Lakini Mazengo alimwahi. Alishika mikono ya Mwalimu yote miwili kwa mikono yake yote miwili.

"Mbukwenyi, mwalimu," akamwamkia. "Karibu. Umekuja kumwona mwenyewe. Mungu akuweke."

"Mbukwa," alijibu Mwalimu, maana ni jibu alilozoea, na maneno aliyokuja nayo yakakosa pa kutokea.

Aliletewa kigoda. Mama yake Jenifa, Raheli, alileta maji ya kunywa, akakaa chini karibu na mtoto. Mazengo akaanza kueleza, kwa Kiswahili cha kutafuta neno mojamoja.

"Mwalimu, mimi nilikuwa na mtoto mwingine mbele ya huyu. Alianza homa. Nikasema itapungua, nikasema kesho, nikasema nimalize kupalilia. Nikachelewa. Basi barua yako iliposema mapema, huyu nikasema sichelewi. Nimekwenda siku ileile. Bibi yake amempaka dawa siku nne, na kesho asubuhi atamchanja chale hapa juu ya macho, iingie ndani. Nilimuuliza, kichwa kinauma? Akasema kinauma kidogo. Lakini nakushukuru, mwalimu. Wewe si mtu wa kwetu, humjui hata baba yake, na uliona kipaji cha mtoto wangu kabla mimi sijakiona."

Mwalimu Anyitike alimtazama. Akamtazama Jenifa, na yale majani. "Kipaji," alisema polepole. "Mzee, kipaji kipi?"

Mazengo akamshangaa. Akainua kidole, akaligusa paji lake mwenyewe. "Si hiki?"

Wapo ambao wangecheka. Jenifa alikuwa wa kwanza kuelewa, na bega lake lilianza kutikisika chini ya kitambaa. Lakini Mwalimu hakuweza kucheka. Aliona aibu kwa namna ambayo hakuwahi kuiona hata siku za ramani zake. Aliinuka kwenye kigoda, akapiga magoti mbele ya yule mzee, kama wanavyofanya kwao Tukuyu mbele ya mkubwa, akasema yote. Kwamba mtoto haumwi. Kwamba alichotaka kusema ni kuwa mtoto amejaliwa mkono wa kuchora kuliko watu wote aliowahi kuwaona, na kwamba kosa ni lake yeye aliyeandika kama anaandikia serikali wakati anamwandikia baba. Akasema na lile ambalo angeweza kulificha: kwamba njia nzima amekuja akimtukana moyoni, akidhani mzee amemtoa mtoto shuleni ili amzuie kuchora.

Mazengo alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia mkewe, akamweleza kwa Kigogo, na Raheli akasema neno moja fupi, akaingia ndani. Alitoka na kibuyu cha maziwa, cheusi kwa moshi, chenye mistari iliyounguzwa ikizunguka shingo mpaka tumboni bila kukutana vibaya mahali popote. Akamwekea Mwalimu magotini.

"Anasema kumbe ndiyo hicho," alisema Mazengo. "Anasema hicho ni cha kwao. Mama yake alikuwa nacho, na yeye anacho." Akafuta uso kwa kiganja. "Mwalimu, simama. Mimi nimekaa siku nne nikimwomba Mungu mtoto wangu asiwe mgonjwa, na wewe umekuja kuniambia si mgonjwa. Mtu anapigaje magoti kwa habari kama hiyo?"

Basi hapo ndipo Jenifa alipocheka wazi, akajifuta majani kwa kitambaa kilekile, na mama yake akamgombeza kwamba ametia dawa nguo nzima. Mwalimu naye akacheka, na machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa.

Alipotoa fomu, jua lilikuwa limeinama kidogo. Alimweleza Mazengo maana yake: kwamba binti ataacha fizikia, atafanya Sanaa, na baba anatakiwa kukubali. Mazengo aliuliza swali moja, kama atapata nafasi ya kusoma mbele kama wenzake. Mwalimu akamjibu bila kupamba, kwamba hajui kwa hakika, ila anajua bila hilo kitu kikubwa ndani ya mtoto kitakaa bure. Mazengo akakubali kwa kichwa. Mwalimu akatoa kidude cha wino alichobeba kwa ajili ya dole gumba, akakifungua.

Mzee akakisukuma kando.

"Hapana. Kidole nilitia kwenye kodi. Nilitia kwenye kadi ya chama, nilitia kwenye mkutano wa kugawa mashamba. Kwa huyu natia jina."

"Mzee, lakini..."

"Najua sijui. Jenifa anioneshe."

Jenifa akaokota kijiti. Akafagia vumbi mbele ya mlango kwa kiganja, akaandika herufi kubwa, MAZENGO. Akamwambia baba yake, "Usiandike, baba. Tazama kwanza. Ukimaliza kutazama, chora."

Mazengo alichuchumaa akaitazama ile kazi kama anavyotazama nyayo za ndama aliyepotea. Kisha akaanza. Ya kwanza ilianguka upande. Ya pili ilikosa mguu. Zedi ilitazama nyuma, na Jenifa hakumwambia vibaya wala vizuri, alimuuliza tu, "Hiyo inaelekea wapi, baba?" Akaifagia, akaanza upya. Mwalimu Anyitike alikaa akisikiliza maswali yake mwenyewe ya Jumatano yakitoka kwenye kinywa kingine, na moyo wake ulijaa hata hakujua aweke wapi macho.

Kutoka barabarani lori likapiga honi. Mazengo hakuinua kichwa. Honi ikapiga tena, ndefu. Baada ya muda dereva mwenyewe alikuja kwa miguu, amekasirika, mdomo tayari umefunguka kugomba, akakuta mzee mwenye mvi amepiga magoti vumbini na kijiti, na binti yake pembeni. Dereva akasimama. Akauliza kwa sauti ndogo ni nini, Raheli akamwambia. Akarudi alikotoka, wakasikia injini ikizimwa, kisha akarudi tena akakaa kwenye gogo.

Mara ya kumi na kitu jina lilisimama. Mazengo alinawa mikono. Akaishika kalamu kwa ngumi, akaiweka fomu juu ya kitabu cha mwanawe, akachora jina lake pale penye mstari, herufi saba, jasho likimdondoka. Ilichukua muda kama wa kukamua ng'ombe wawili. Mwishoni alirudisha kalamu kwa mikono miwili.

Jumatano saa tatu na nusu fomu ilikuwa mezani kwa mkuu wa shule. Mwalimu Mustapha alivaa miwani, akaitazama sahihi. "Sahihi ya nani hii? Mbona kama imechorwa?"

"Imechorwa," alisema Mwalimu Anyitike. "Itie muhuri."

Akaitia.

Novemba Jenifa alifanya mtihani wa Sanaa peke yake, kwenye chumba cha maabara, akitumia brashi za Masudi ambazo Masudi alikuwa ameziosha kwa sabuni ya unga mpaka mipini ikapauka. Mwalimu Anyitike hakuruhusiwa kuingia. Alikaa nje kwa saa tatu, akisahihisha daftari moja mara nne. Baada ya Jenifa walikuja wengine, wavulana wawili wa Bahi, msichana mmoja wa Mpwapwa, na shule ikapata kabati la rangi, kisha mwalimu wa Sanaa mwenye cheti chake. Kabati lile Mwalimu Anyitike alilifungua na kulifunga kwa miaka kumi na tisa, na mpaka anastaafu hakuweza kuchora jiko likakaa kama jiko. Lakini Jenifa ndiye wa kwanza, na matokeo yake yalipokuja, mwaka uliofuata, mvua zikielekea ukingoni, hayakumkuta Jenifa shuleni. Yalimkuta baba yake.

Mazengo alikuwa amesikia redioni kwa jirani kwamba matokeo yametoka. Alitembea, akapata lifti, akafika shuleni saa nne, akaenda moja kwa moja kwenye ubao wa matangazo bila kupita kwa mtu. Mwalimu Anyitike alimwona kutoka dirishani, akatoka karibu mbio, maana orodha ilibandikwa jioni iliyopita na yeye tayari alikuwa ameisoma. Alitaka kumsomea. Alipokaribia akasita, akasimama nyuma yake.

Mzee alikuwa akishuka na orodha kwa kidole, mstari kwa mstari, majina ya watu ambayo kwake yalikuwa mikwaruzo tu. Kidole kikaenda, kikaenda, kikasimama. Akasogeza uso. Akahesabu herufi saba kwa kucha, moja moja, akarudia kuhakikisha.

"Huyu mimi," alisema, bila kugeuka. Alijua kwamba Mwalimu yupo. "Huyu ni wangu."

"Ndiyo, mzee. Ni wako."

Kidole kikafuata mstari kwenda kulia, kikapita kwenye alama za masomo mengine, nyingi za kawaida tu, mpaka Mwalimu alipomwambia hapohapo, hiyo ndiyo ya Sanaa. Mazengo akaitazama ile herufi iliyosimama peke yake. Akaitazama mpaka alipomaliza kutazama.

"Hii naijua," akasema. "Ni ya pili kwenye jina langu. Hii ni nzuri, mwalimu?"

Mwalimu Anyitike alitaka kumjibu, sauti ile ya vyumba vitatu ikamkatalia. Alimshika yule mzee mkono, akajaribu tena.

"Baba," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, "hakuna inayoizidi."